Nyumba, Ndoa na Mtoto: Kipi Kitangulie?

(Mada hii ilitolewa na mume na mke katika semina ya wachumba na wanandoa wapya. Tunaichapisha kama walivyoisema, ikiwa imefupishwa kidogo ili itoshe katika kurasa zetu.)

   Tulipoombwa kuja kuzungumza juu ya maandalizi ya ndoa, tuliuliza kwanza: vijana wenyewe wanataka kujua nini? Tukaambiwa kwamba kuna swali linalorudi katika kila semina: "Tuanze na lipi? Tujenge kwanza, tuoane kwanza, au tupate mtoto halafu mengine yatafuata?"

Swali hilo tunalifahamu vizuri, maana lilitusumbua kwa miaka minne. Hatukuja hapa kama wanasheria wala watu wa benki. Mmoja wetu ni mwalimu wa shule ya msingi na mwingine ni fundi seremala. Tumekuja kuwaeleza tulipokosea, tulivyonusurika, na mambo ambayo tulikuja kuyajua baadaye na tungependa ninyi myajue mapema.

Wahenga walituachia methali mbili ambazo ukiziweka pamoja zinaonekana kugombana. Ya kwanza inasema haraka haraka haina baraka. Ya pili inasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kijana huchukua ile inayomfaa siku hiyo. Sisi tuliichukua ya kwanza tukajisifu kuwa wenye busara, tukaja kuishi na maumivu ya ile ya pili.

Tulivyoanza

Tulichumbiana mwaka 2009 tukiwa Dar es Salaam. Kila mmoja alikuwa amepanga chumba chake, mmoja Tabata na mwingine Gongo la Mboto. Wote wawili tulikuwa tumechoka na wenye nyumba wanaodai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kila nusu mwaka tulikopa ili tulipe kodi, kisha nusu mwaka iliyofuata tukawa tunalipa deni. Kwa hiyo tuliwekeana ahadi kwamba hatutafunga ndoa mpaka tuwe na nyumba yetu wenyewe. Wenzetu walitusifu sana, wakasema hawa ni watu wanaojua maisha.

Mwaka 2010 tulipata kiwanja Chanika, hatua ishirini kwa ishirini, kwa shilingi milioni mbili. Mke alikopa shilingi milioni moja na laki mbili katika SACCOS ya walimu, akawa anakatwa kwenye mshahara kwa miaka miwili. Mume alitoa laki nane, ambayo ilikuwa malipo ya kazi ya kupaua nyumba za watu. Siku ya kuandikishiana mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mke alikuwa darasani anafundisha. Karatasi ya mauziano ikaandikwa jina moja tu, la mume. Hapakuwa na hila yoyote. Tulijiambia tu, "Si tutaoana?"

Tukaanza kununua tofali kidogo kidogo. Mwisho wa mwezi mmoja tofali hamsini, mwezi mwingine mifuko miwili ya saruji. Msingi ulikamilika mwaka 2011.

Baba mzazi wa mke, ambaye sote tulimwita Mzee, alikuwa akiishi Kilosa. Kila tulipokwenda kumsalimia wakati wa Krismasi aliuliza, "Nyumba imefika wapi?" Mwaka wa kwanza tukamjibu kwamba tumepata kiwanja. Mwaka wa pili tukamjibu kwamba msingi umekwisha. Krismasi hiyo ya mwaka 2011 Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wanangu, hivi mimi nangoja binti yangu aolewe na mtu, au aolewe na nyumba?" Sote tukacheka, tukamwambia avumilie kidogo tu.

Mzee alifariki mwezi Agosti 2012. Ukuta wetu ulikuwa umefika kwenye madirisha. Katika msiba ule mume alikaa pamoja na majirani. Hakukaa na watoto wa marehemu, wala hakuhesabiwa miongoni mwa wakwe, kwa sababu kwa taratibu za ukoo alikuwa bado mgeni. Alichimba kaburi kama wanaume wengine, jioni akapanda basi akarudi. Jambo hilo hatukuweza kulirekebisha tena. Nyumba ilikuwa inaweza kungoja, lakini Mzee hakuweza.

Siku tulipofumbuliwa macho

Hata baada ya msiba hatukujifunza. Tulisema, "Sasa tumalizie haraka." Machi 2013, mume alianguka kutoka juu ya paa la nyumba aliyokuwa akiipaua. Alivunjika paja na kuumia kichwani, akakaa siku nne bila kujitambua.

Mke alifika hospitali akiwa na nguo za kubadilisha na fedha za matibabu. Akaulizwa, "Wewe ni nani kwake?" Akajibu, "Mchumba." Muuguzi alimjibu kwa upole kabisa kwamba fomu ya upasuaji inahitaji ndugu. Ikabidi kumpigia simu kaka yake aliyekuwa Iringa, tukamngoja mpaka kesho yake.

Ndugu walifika. Tunataka kusema wazi kwamba hawakuwa watu wabaya, na mpaka leo ni ndugu zetu. Lakini hali ya mgonjwa ilipokuwa ngumu, walianza kuulizana kama watu wazima: ana nini, kiko wapi, na karatasi ziko kwa nani. Wakawa wanazungumza habari za kiwanja cha ndugu yao. Hawakukosea, kwa maana karatasi ndivyo ilivyosema. Mke alikuwa ameketi palepale kwenye benchi. Zaidi ya nusu ya fedha za kiwanja kile zilitoka kwake, na yeye ndiye aliyenunua sehemu kubwa ya saruji, lakini hakuwa na hata risiti moja yenye jina lake. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Baadaye tulipouliza wanaojua, tulielezwa kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mume na mke, inachukuliwa kwamba ni wanandoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Watu wengi hulitumaini jambo hilo. Lakini kwetu hata hilo lisingesaidia, kwa sababu kila mmoja aliishi kwenye chumba chake. Kama mume angefariki siku ile, mke angekuwa amelipa deni la SACCOS la kiwanja ambacho si chake.

Mungu alitusaidia. Siku ya tano mume alifumbua macho. Alipoweza kuzungumza alisema, "Nikitoka hapa tunafunga ndoa. Nyumba itatukuta." Tulifunga ndoa mwezi Septemba mwaka huohuo, mume akitembelea magongo. Tulipanga chumba na sebule. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mwaka 2015. Mwaka 2016 tulihamia Chanika katika vyumba viwili ambavyo havikuwa na plasta wala dari, na mlango wa mbele ulikuwa wa mabati. Mwaka 2019, baada ya urasimishaji wa eneo letu, tulipata hati. Hati hiyo ina majina mawili.

Kuhusu nyumba

Jambo la kwanza tunalotaka mlielewe ni kwamba kungoja nako kuna gharama. Sisi tulidhani tunaokoa fedha. Baadaye tulikaa na daftari tukapiga hesabu. Vyumba vyetu viwili vilitugharimu shilingi 30,000 na 35,000 kwa mwezi, jumla 65,000. Chumba na sebule tungepata kwa 50,000. Tofauti yake ni shilingi 15,000 kila mwezi. Kwa miaka minne, yaani miezi 48, ni shilingi 720,000. Wakati ule tulinunua tofali moja kwa shilingi 900. Kwa hiyo tulipoteza thamani ya tofali 800 kwa kungoja ili tupate fedha za tofali. Hapo hatujahesabu nauli za kutembeleana wala majiko mawili.

Jambo la pili ni mkopo. Wengine mnatuambia kwamba siku hizi kuna mikopo ya nyumba, kwa nini mtu ahangaike na tofali hamsini hamsini? Ni kweli. Sheria ya mikopo ya nyumba ilipitishwa mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya TMRC, ambayo huzipatia benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo hiyo. Lakini piga hesabu kabla ya kusaini. Chukua mfano wa mkopo wa shilingi milioni 30, riba ya asilimia 16 kwa mwaka, muda wa miaka 15. Rejesho la kila mwezi litakuwa karibu shilingi 441,000, na mpaka unamaliza utakuwa umelipa zaidi ya milioni 79. Hatusemi usikope. Tunasema ujue kwamba utalipa nyumba mbili na nusu na kupata moja. Tena rejesho halijui kwamba mwezi huu mtoto ameugua au kazi imekatika. Kwa watu wa kipato chetu, SACCOS na vikundi vya kuweka na kukopa vilitufaa zaidi, kwa kuwa kiasi ni kidogo na muda ni mfupi. Ile mikopo ya mtaani ambayo watu wameipa jina la kausha damu, ikimbieni. Hiyo haijengi nyumba, huvunja hata iliyopo.

Jambo la tatu ni kiwanja chenyewe. Muhuri wa serikali ya mtaa unaonyesha kwamba muuzaji na mnunuzi walikutana wakaandikishiana. Hauthibitishi kwamba kiwanja ni cha muuzaji. Kama kiwanja kina hati, nenda ukafanye upekuzi kwa msajili wa hati ujue jina lililoandikwa na kama kimewekwa rehani. Kama hakijapimwa, waulize majirani wa pande zote nne, uliza kama eneo liko katika hifadhi ya barabara, na nenda ukakitazame wakati wa masika. Kabla ya kupata kile cha Chanika tulionyeshwa kiwanja kingine cha bei nafuu zaidi, karibu na bonde la Mto Msimbazi. Kidogo tukinunue. Desemba 2011 yakaja mafuriko makubwa ya Dar es Salaam, watu wakafa na wengine wengi wakapoteza makazi, ndipo serikali ikawapa baadhi yao viwanja Mabwepande. Kiwanja kikiwa rahisi kupita kiasi, ujue kuna sababu.

Jambo la nne, ambalo kwetu ndilo kubwa kuliko yote, ni majina. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa kinasema kwamba mali iliyoandikwa jina la mwanandoa mmoja inachukuliwa kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na ikiwa na majina ya wote wawili inachukuliwa kwamba wana haki sawa. Kifungu cha 59 kinakataza mwanandoa mmoja kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na tangu mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Kinga hizo ni nzuri, ila zinahusu watu waliooana. Wachumba mnaonunua kiwanja pamoja hamna kinga hiyo. Kinga yenu ni karatasi. Andikeni majina mawili, andikeni kila mmoja ametoa shilingi ngapi, na kila mmoja abaki na nakala. Anayekwambia kwamba kuandika ni dalili ya kutoaminiana, mwambie sisi tuliaminiana kabisa.

Kuhusu ndoa

Vijana wengi hawaiogopi ndoa. Wanaiogopa harusi. Wanahesabu ukumbi, kamati, sare, kitchen party, send-off, magari na chakula cha watu mia tatu, wanaona miaka mitano mbele haitoshi.

Hebu tuvitenganishe vitu hivi. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinachotakiwa ni hiari ya wote wawili, umri unaoruhusiwa, kutokuwepo kizuizi, tangazo la nia ya kuoana la siku 21, mfungishaji anayetambuliwa na mashahidi. Ndoa inaweza kuwa ya kidini, ya kiserikali au ya kimila. Ukumbi haumo. Hata mahari, ambayo sisi tunaiheshimu na tuliitoa, sheria inasema kutokamilika kwake hakubatilishi ndoa. Wazazi waliopo hapa tunawaomba kwa heshima: mnapopanga kiasi cha mahari, kumbukeni kwamba fedha hiyo ndiyo godoro, jiko na kodi ya miezi sita ya binti yenu.

Sisi tulifanya chakula cha mchana uwanjani, watu sitini. Marafiki waliotaka kuunda kamati ya michango walinung'unika, wakasema tunawaaibisha. Tukawaomba wanaotaka kuchanga walete mabati. Tulipata mabati ishirini na mawili. Mpaka leo mvua ikinyesha tunawakumbuka kwa majina.

Hata hivyo hatuji hapa kuwaambia kila mtu afunge ndoa mwezi ujao. Kuna kungoja kwa haki. Kama mmoja bado anasoma na mwaka mmoja tu umebaki, ngojeni. Kama mwenzako ana madeni anayoyaficha, ngoja mpaka yawekwe mezani. Kama kuna kupigwa au kutishwa wakati wa uchumba, hapo hata usingoje, ondoka. Na kama unaoa kwa sababu umri umekwenda au rafiki zako wote wameoa, tulia kwanza. Tunachokataa ni kungoja kitu ambacho wawili walioungana wangekipata upesi kuliko wawili waliotengana.

Kuhusu mtoto

Nyumba unaweza kuisimamisha kwenye madirisha miaka miwili, ukarudi ukaikuta. Miaka ya kuzaa haisimami hivyo. Na mtoto haji kwa ratiba yetu. Baada ya ndoa tulipanga tupate mtoto mara moja, ikapita zaidi ya mwaka bila dalili. Maneno ya ndugu yakaanza, na kama kawaida yalielekezwa kwa mke peke yake. Tulichokifanya ni kwenda kupima wote wawili. Tunawasihi akina kaka, msimpeleke mke hospitali kama anayepelekwa mahakamani. Nendeni pamoja, kwa kuwa tatizo linaweza kuwa upande wowote, au lisiwepo kabisa.

Kabla ya ndoa, pamoja na kipimo cha Virusi vya Ukimwi, pimeni selimundu, ambao wengi wanauita sikoseli. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi huzaliwa na ugonjwa huu. Mtu mwenye chembe moja ya urithi wa selimundu huwa mzima kabisa na hajui kwamba anayo. Mkiwa nayo wote wawili, katika kila mimba kuna uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mgonjwa. Kipimo hiki si cha kuvunja uchumba. Ni cha kuwafanya muamue mkijua.

Mimba ikiingia, mama aanze kliniki mapema, kabla ya wiki 12, na baba aende naye. Kwa aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku tatu. Lakini fundi seremala, mama lishe na bodaboda hawana likizo ya kulipwa. Likizo yao ni akiba yao. Kwa hiyo kama mmoja wenu amejiajiri, anzeni kuweka fedha ya miezi mitatu ya uzazi mapema, hata kabla ya mimba. Sisi tulisimamisha ununuzi wa tofali mwaka mzima kwa ajili hiyo. Ukuta ulitungoja. Mtoto akizaliwa, mwandikisheni RITA ndani ya siku 90. Hilo nalo ni daftari.

Kuna wengine hapa ambao mtoto ametangulia. Tunawaona, na hatutaki mtoke hapa mmeinama. Mtoto hana kosa. Ana haki ya jina, matunzo na upendo wa pande zote mbili, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inazilinda haki hizo. Lakini msilazimishane ndoa ili kuficha aibu ya wiki chache mkajenga majuto ya miaka. Kaeni, zungumzeni, muulizane kama mngeoana hata kama mtoto huyu asingekuwepo.

Jioni ya daftari

Sasa mtatuuliza, kipi kitangulie? Baada ya yote yaliyotupata jibu letu ni kwamba cha kwanza si nyumba, si harusi, wala si mtoto. Cha kwanza ni mazungumzo yenye daftari. Sisi tuliipa jina la jioni ya daftari. Tulianza wiki ile mume aliporuhusiwa kutoka hospitali, na tunaendelea nayo kila mwisho wa mwezi hadi leo. Tunazima simu, tunaweka chai, tunafungua daftari.

Katika jioni ya kwanza kila mmoja aseme ukweli juu ya mambo matano. Kwanza, anapata kiasi gani kwa mwezi, mwezi mzuri na mwezi mbaya. Pili, anadaiwa nini na nani. Tatu, ni akina nani wanaomtegemea nyumbani kwao, na anawapa kiasi gani. Nne, anataka watoto wangapi na lini. Tano, nini kitatokea kwa mali na kwa mwenzake kama yeye akifa kesho. La tano ndilo gumu, wengi wanaona ni uchuro. Sisi tulilijibu kwenye wodi, na hatutamani mtu mwingine alijibu mahali pale.

Mkimaliza matano hayo, utaratibu mwingine utajipanga. Wapo watakaoona waoane mwezi wa sita na kupanga chumba. Wapo watakaoona wangoje mwaka mmoja. Hatuwezi kuwaamulia. Lakini ninyi mtakuwa mmeamua mkijua, na kwenye karatasi mtakuwa wawili.

Katika Maandiko kuna mfano wa mtu aliyetaka kujenga mnara, akashauriwa akae kwanza ahesabu gharama. Sisi tulihesabu gharama ya mnara, tukasahau kuhesabu gharama ya kungoja. Msisahau kama sisi.

Nyumba yetu ya Chanika haijakwisha mpaka leo. Baraza halina sakafu na uzio ni wa michongoma. Sebuleni kuna picha ya Mzee. Mtoto wetu wa kwanza huuliza kwa nini babu hayupo katika picha ya harusi. Tunamwambia ukweli, kwamba tulichelewa. Tunawaomba ninyi msije mkawa na jibu kama hilo kwa watoto wenu.



Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Ni kitu gani ambacho wewe na mwenzako mnakingoja? Andikeni gharama ya kukingoja kwa mwaka mmoja.
2. Kama mmenunua kitu cha thamani pamoja, karatasi ina jina la nani? Mtairekebishaje?
3. Wazazi na walezi: katika mipango ya harusi ya watoto wetu, ni gharama zipi tunaweza kuziondoa bila kuwavunjia heshima?
4. Ni swali lipi kati ya yale matano ya jioni ya daftari unaloliogopa zaidi, na kwa nini?